Kifungo cha Kaka Amisi

Liège, Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa pale mlangoni kwako Kasenga, umeshakunywa chai, na mgongo umekuachia kidogo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba mgongo ndio uliokuzuia kwenda msikitini Ijumaa, na kwamba ulikataa kusuguliwa dawa mpaka jirani akaingilia kati. Baba, kubali kusuguliwa. Na ule mkono wa kulia, bado unamwaga chai au umetulia? Nauliza kila mara, nanyi mnanijibu "tuko bazima, tuko bazima", kana kwamba mmekaa kikao mkapanga jibu. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Siku hizi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na shingo inauma palepale ilipokuwa ikikuuma wewe.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Simu ya nyumbani ni ya wote, unajua. Nikituma sauti, mdogo wangu Shabani anaifungulia barazani, mama anasikia, shangazi anasikia, na mteja aliyekuja kuuliza bei ya pete naye anasikia na kutoa maoni. Haya ya leo ni yako. Mama Fatuma anarudi wiki hii, atapitia Bujumbura, na nimemwapisha akupe mkononi wewe mwenyewe. Soma ukiwa peke yako, kisha nitakwambia cha kufanya.

Kiberiti chako kilifika. Mama Fatuma alikuja kumwangalia binti yake aliyejifungua huku, na siku ya pili tu akanipigia nimfuate. Nilimkuta ameketi na mjukuu mapajani, amejifunika vitenge viwili na blanketi, analalamikia baridi. Unamjua anavyosema, haanzi na salamu.

"Riziki, minye niko muntu wa kutumwa tu, usinikasirikiye. Baba yako anasema hivi: uyeyushe iyi butoni, utoe mbili ya mupya ya Shabani, avae siku ya ndoa. Na usiseme kwa mama yako. Useme tu ulinunua."

Nikafungua kiberiti. Nilipoona kitambaa kile cha bluu nilijua ni kifungo gani kabla hata sijakikunjua. Nikamwuliza kama ulisema jambo jingine.

"Hakuna. Nilimuuliza kwa nini, akanyamaza. Weye unamujua baba yako. Lakini kuko muntu wa Katogota alikuya kumuona. Mukulima, viatu yake iko na matope ya mashamba mpaka juu. Walikaa mu nyumba, mulango imefungwa, mama yako alikuwa ku soko. Ule muntu alitoka hata chai hakunywa. Kesho yake njo baba yako ananipatia iyi kiberiti."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo, Baba. Umeniuliza kupitia kwa Shabani mara kadhaa, kwa mafumbo, "kazi yangu imefikia wapi", nami nikakujibu kwamba ateliye, karakana ninayofanyia kazi, ina wateja wengi. Ilikuwa kweli kwa sehemu. Lakini sababu ni nyingine, na ili uielewe inabidi nikusimulie jambo lililonipata kazini kabla Mama Fatuma hajafika. Sikuwaambia kwa sababu ya aibu, na kwa sababu mama angekosa usingizi.

Kazi yangu mnaijua kwa juujuu tu. Ateliye iko nyuma ya duka la vitu vya zamani, dirisha moja, meza ndefu, na patroni, mwenye karakana, ambaye ni mzee kama wewe lakini hacheki kama wewe. Huku kuna watu wanaokusanya vifungo vya mikono ya shati, vya babu zao na vya babu za watu wengine. Nilipofika nilidhani wananitania. Vipo vya fedha, vya dhahabu, vya mfupa, vipo vyenye rangi ya kioo iliyochomewa juu. Vinakuja na ule mguu wa nyuma unaopita kwenye tundu umevunjika, au jiwe limetoka, au kile kimnyororo cha katikati kimekatika, nasi tunavitibu. Pia tunafua vipya kwa mfano wa vya zamani, na hiyo ndiyo kazi aliyoniajiria, kwa sababu aliona pete uliyonifundishia akaigeuza geuza kwenye taa mpaka nikachoka kusimama.

Kuna mambo ya huku ungeyacheka. Wewe kitu kikija kimeshika weusi unaita ndimu, unaita majivu, unasugua mpaka kinang'aa kama kimetoka kwenye moto leo. Hapa nikigusa weusi ule ulio ndani ya michoro, patroni anashika kichwa. Anasema ndio umri wake, na mnunuzi analipia umri. Wiki ya kwanza nilimsafishia mkebe mzima wa vitu vya zamani, nikavipanga mezani vikiwa vyeupe kabisa, nikasubiri asante. Aliviangalia, akaenda kuvuta sigara nje kwenye mvua.

Basi siku moja patroni hayupo, akaingia bibi mmoja mjane, mpole, na kifungo kimoja cha fedha ndani ya bahasha. Cha mviringo, kimechorwa kamba iliyofungwa fundo. Akasema mwenzake wa kifungo hicho alipotea, naye anataka afuliwe mwingine ili mjukuu wake avae. Mimi nikafanya ulivyonifundisha. Nikamwangalia usoni nikamwuliza, "Mwenzake amepotea kabisa? Hutamtafuta tena?" Akanijibu, "Kabisa, binti yangu. Tumetafuta nyumba nzima." Nikaona mwenye mali amesema kwa mdomo wake. Nikampa risiti, nikarudi mezani, nikakiyeyusha.

Wewe hapo hushangai. Ungefanya hivyo hivyo, na babu angefanya hivyo. Kwetu kifungo kilichobaki peke yake hakitengenezewi mwenzake. Fedha ya mioto miwili huzeeka rangi mbili, na mwenye kuvaa huonekana ameazima mkono mmoja kwa mtu. Unauliza swali, mwenye mali anakubali kwamba basi, amekata tamaa, unayeyusha kilichobaki, unaongeza fedha, unamimina vyote viwili kwa moto mmoja. Niliona watu wakishindwa kujibu swali lako wakarudi nyumbani na kifungo chao mfukoni. Nilimwona yule mwalimu wa Kasenga akilia mbele yako kwa sababu ya hereni ya marehemu mkewe, nawe ukamsubiri mpaka amalize, ukamwuliza tena. Nilidhani duniani kote mafundi huuliza hivyo, na watu wakiulizwa hivyo wanajua wanaulizwa nini.

Nilivifua vizuri, Baba, nisikudanganye. Fundo lilikaa kama lilivyokuwa, miguu inageuka kwa ulaini, uzito sawa. Ungeviona ungenyamaza, na wewe ukinyamaza mbele ya kazi ndipo mtu anajua umeipenda.

Patroni alirudi akavichukua, akaanza kuvigeuza akitafuta mihuri ile midogo wanayoigonga nyuma, inayosema fundi alikuwa nani na mji gani. Hakuiona. Akaniuliza cha zamani kiko wapi.

"Kimo humo," nikasema.

"Humo wapi?"

"Kwenye vyote viwili."

Akakaa kwenye kiti changu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza nani alinifundisha kufanya hivyo, nikasema baba yangu. Nikamweleza swali na sababu ya swali. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali hata lile la rangi mbili, akasema ni kweli, amewahi kuliona. Kisha akasema, "Lakini yule mama alikuletea kifungo, wewe unamrudishia fedha." Akaniambia nitamweleza mwenyewe siku akija.

Nilimweleza. Sitasahau mchana ule. Alichukua kimoja akakiweka kiganjani, akakipitishia kidole gumba, akachukua cha pili akafanya vilevile. Akasema, "Hapa palikuwa na kibonde. Mume wangu alikuwa akikisugua kwa kidole kila akiwa na wasiwasi. Hata hospitalini alikuwa akisugua mkono wa pijama, na kifungo hakipo." Akanitazama kama mtu anayeomba kurudishiwa kitu alichokiacha mlangoni. "Kibonde kiko wapi?"

Baba, nilikuwa nimekiona. Nilikiona kabla sijakitia motoni, nikadhani ni ubovu, nikafurahi kwamba nitampa kilicho laini. Alifunga mkoba wake akatoka, na vifungo viko kwenye droo ya patroni mpaka leo, hakuna anayevigusa.

Patroni angeweza kunifukuza. Mtu bila kazi hapa, karatasi zake za kukaa zinaanza kuyumba, na mimi nilishaanza kuhesabu nguo zipi zitaingia kwenye sanduku. Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye moto tu, nikawa wa kuosha na kusugua, mimi binti yako, na vumbi la dawa ya kung'arishia linaingia puani mpaka chakula hakina ladha. Nikirudi chumbani nilikuwa nalala na viatu. Moto amenirudishia juzi juzi, kwa sharti kwamba hakuna cha zamani kinachoingia humo kabla yeye hajakiona. Nilishukuru, lakini furaha haikuja. Labda itakuja baadaye, sasa hivi nimechoka mno.

Ndiyo hali Mama Fatuma aliyonikuta nayo.

Nilikipeleka ateliye kile kifungo cha kwenye kiberiti, kifungo cha babu, nikakiweka chini ya lenzi. Nimekijua tangu utoto lakini sikuwahi kukitazama hivyo. Mukeke wa babu, yule samaki wa ziwani, na magamba yake. Rupia zile za zamani alizoziyeyusha zina weupe ambao fedha ya siku hizi haina. Magamba ya upande wa kichwa yamelika, nadhani ni kidole chako, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kumshika samaki kichwani siku za sherehe, kama anataka kuruka. Babu alioa navyo, wewe ukaoa navyo. Na mguu umelegea. Huo haukulegezwa na wewe wala babu. Ni kaka Amisi. Alivaa mara moja tu, lakini mara hiyo moja aliuchezea mguu ule kuanzia nyumbani mpaka Kiringye na kurudi, akiugeuza, akiugeuza, mpaka nikamwambia atauvunja.

Acha niandike siku ile, maana hatujawahi kuizungumza mimi na wewe. Alikuwa amesimamia ndoa ya binamu yetu, ndiyo maana ulimwazima vifungo. Tulirudi, akaketi kwenye mkeka na shati lake limelowa jasho, akawa anafungua mkono wa kushoto, nami namcheka. Kifungo kilipotoka ndipo milio ya risasi ikaanza upande wa barabara ya bonde. Hakuna aliyechukua kitu. Wewe ulikwenda kumbeba bibi. Mimi na mama tulikimbilia upande wa ziwani. Yeye alisema anapita kwa jirani kumsaidia na watoto, atatukuta. Alitoka mkono mmoja umefungwa na mwingine unapepea. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho, na hivyo ndivyo ninavyomwona kila nikifunga macho.

Tuliporudi, mama ndiye aliyekiona kifungo kimejificha kwenye mkeka. Wengine walisema Amisi ameonekana Kiringye, wengine wakasema yuko kambini ng'ambo, mmoja akasema Kigoma anauza samaki. Imamu alipokuja kwa upole kusema labda tusome hitima, nakumbuka mama alivyomjibu, "Minye sitalia muntu sijamuona. Munywe chai, muende." Na wewe ulikiweka kifungo ndani ya kiberiti, kiberiti juu ya rafu, ukarudi kazini. Kila mfua fedha aliyepita pale alikuuliza kwa nini huyeyushi hicho cha peke yake ukafanya jozi, nawe ulijibu neno lile lile, hujawahi kulibadilisha, "Mwenzake haijapotea. Iko ku mukono ya Amisi."

Kisha ukaniita mimi nikae kwenye kiti alichokuwa akikalia Amisi kujifunza kazi. Wateja wengine walicheka, msichana na nyundo, ukawaambia wanaotaka kucheka wapeleke pete zao Bujumbura. Kila nilichojua nilikijua kwa sababu yeye hakurudi. Sijawahi kukwambia kwamba hilo linaniuma. Linaniuma.

Sasa umenitumia kiberiti na kusema niyeyushe.

Baba, mimi ni mwanafunzi wako. Mtu mwingine angesikia kwamba mzee anataka vifungo vya ndoa ya Shabani. Mimi nimesikia umelijibu swali. Umesema mwenzake amepotea kabisa na hutamtafuta tena. Na mwenzake alikuwa mkononi mwa kaka. Naogopa kuandika lakini naandika: nadhani mtu wa Katogota alikuletea habari kwamba kaka Amisi amekufa. Labda alimzika, labda alijua mahali. Labda alikuja kukuonyesha kitu. Alikataa chai yako, na mkulima aliyetembea toka Katogota hakatai chai bila sababu.

Kama ndivyo, umekaa na habari hiyo peke yako, ukamtazama mama anarudi sokoni, ukala naye, na ukashindwa kusema. Nakuonea huruma. Na nimekukasirikia pia, unisamehe, lakini nimekukasirikia. Kwa sababu umeona njia rahisi, kwamba Riziki yuko mbali, ana moto mkali wa gesi, atakiyeyusha, vitarudi vipya viwili, Shabani atavaa, watu watapiga vigelegele, na hakuna atakayelazimika kusema neno. Unataka nimzike kaka yangu mezani kwa mzungu, peke yangu, saa za kazi, halafu jioni mama anipigie aniulize kama nimekula, nami nimdanganye kwamba nimenunua vifungo dukani. Siwezi. Mengi nimeweza huku, hilo siwezi.

Sina hakika hata hivyo. Pengine nimekosea kabisa, na yule mtu alikuja kuuza mpunga. Basi nicheke na uniite mwenye wasiwasi, nitafurahi mpaka nishindwe kulala.

Sijakiyeyusha. Niliwasha moto mara moja, Jumamosi, patroni ameniruhusu baada ya kukitazama muda mrefu na kusema ni kazi ya fundi mkubwa, na kwamba ni changu, niamue mwenyewe. Nilikiweka kwenye kibakuli cha kuyeyushia. Nikauona mguu umelala upande, umelegea vile, nikazima. Nilikumbuka kidole gumba cha yule bibi kikitafuta kibonde. Kwa miaka yote nilidhani kwamba fedha haipotei, inabadilika sura tu, kama ulivyokuwa ukituambia. Ni kweli haipotei. Lakini kulegea kule kwa mguu kungepotea, na ndicho kitu pekee duniani alichokifanya kaka Amisi kwa mkono wake ambacho bado tunacho.

Ndoa ya Shabani isikose vifungo kwa ajili ya hayo. Humu kwenye kifurushi, ndani ya pamba, utakuta jozi. Nimeitoa kwenye bangili uliyonivalisha siku nilipoondoka. Usigune, ni yangu, na bangili haina mwenzake wa kuulizwa. Moto mmoja, uzito sawa. Nimechora mukeke, lakini sikuiga wa babu, wa kwangu amekunja mkia kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka akiwa kwenye kikaango cha mama. Mwambie kila mtu kwamba ni vipya na kwamba dada yake ndiye aliyevifua. Shabani aliniambia, "Dada, minye ata butoni ya plastiki niko navaa, haina neno, niko naoa muke, si shati." Lakini alisema akiangalia pembeni. Anavitaka, naye ana haki ya kuvitaka, na asivae kitu cha uongo siku hiyo.

Kifungo cha kaka kiko hapa mezani ninapoandika. Sasa nakuuliza kama ulivyonifundisha kuuliza, nikikuangalia usoni kwa mbali hivi: mwenzake amepotea kabisa? Hutamtafuta tena? Wewe ndiye mwenye mali. Unajua swali hili halijibiwi kwa kumtuma mtu, wewe mwenyewe ulimrudisha yule kijana wa Kalundu aliyetumwa na mama yake, ukasema aje mama mwenyewe. Lakini usinijibu mimi kwanza. Mjibu mama. Mkalishe, funga mlango kama ulivyoufunga siku ile, umwambie alichosema mtu wa Katogota, hata kama ni maneno mawili. Atakulaumu kwa siku ulizonyamaza. Vumilia. Atakataa kulia, kisha atalia. Usifanye baada ya ndoa, Baba, fanya kabla. Shabani atangoja. Afadhali kuoa nyumbani kwenye msiba unaojulikana kuliko kwenye furaha ambayo wewe peke yako huwezi kuila.

Na kama habari ni hiyo, someni hitima. Mtanipigia kwa video hata mtandao ukikatika katika, nitakaa hapa na kanga yangu kichwani niitikie. Hata hapo sitakiyeyusha mpaka wewe na mama mseme kwa sauti moja. Mkitaka kirudi, nitakirudisha kama kilivyo, na mguu wake. Kama habari siyo hiyo, kiberiti kitarudi kwenye rafu na utaendelea kuwajibu wapita njia kama siku zote.

Nimechoka, Baba. Barua hii imenichosha kuliko wiki nzima ya kufua. Ningetaka leo niwe pale, nikupulizie mkaa huku unanikosoa kwamba napuliza kwa mashavu badala ya tumbo. Usinikasirikie kwa kukukatalia. Ni mara ya kwanza nakukatalia kazi, na nimekaa siku nyingi nikiogopa radhi yako kabla ya kushika kalamu. Nipe radhi yako hata kama umekasirika. Naihitaji kuamkia kesho.

Msalimie mama, umwambie nakula, na kwamba ile sweta aliyonifumia naivaa ndani ya koti. Msalimie shangazi Zaina, apunguze chumvi, daktari hakusema kwa kucheza. Msalimie Shabani, bwana harusi, na binti wa fundi cherehani anayekuja kuwa wifi yangu, na aanze mapema kumzoeza kukunja nguo zake. Msalimie jirani anayekusugua mgongo. Imamu naye, kwa heshima, labda mtamhitaji.

Barua zangu zote na simu zangu zote huwa namalizia kwa kaka Amisi, nikisema akirudi mumwambie namsalimu. Leo nimefika hapo nimesimama. Jina lake sijui niliandike kwenye salamu au kwenye dua. Niambie, Baba.

Binti yako,
Riziki